Usinga wa Suluhu, Sehemu ya Tisa: Mkia wa Nyumbu au wa Ng'ombe?

Alicheka.

Ndiyo, msomaji, wiki nzima umekaa roho juu ukingoja Mzee Semboja aanguke, azimie, au angalau aombe maji ya kunywa. Tulimwacha sebuleni kwake Mkumbara, saa nne asubuhi. Gerald, ofisa wa wanyamapori, alikuwa amepanda juu ya kiti, mkono umeshaufikia usinga ulioning'inia juu ya mlango. Naanyu alisimama kizingitini akingoja kuiona sura ya mtu aliyemmaliza baba yake ikisawijika.

Semboja akacheka, tena kicheko cha mtu aliyeshiba.

"Gerald mwanangu," alisema, "umetoka na gari la serikali kote huko kuja kunipokonya mkia wa ng'ombe?"

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, au aliyefungiwa maandazi nalo kabla hajalisoma, nitasema kwa ufupi.

Naanyu ni binti wa marehemu Kaika, mfugaji wa nyanda za Handeni. Miaka mitano iliyopita Kaika alikamatwa mnadani na usinga mkononi, ule aliorithi kwa baba yake, wa mkia wa nyumbu. Maisha yake yote alifukuzia nzi kwa kitu kile, akabarikia watoto nacho, akasemea nacho kwenye vikao. Siku hiyo ndipo alipoambiwa kuwa kinaitwa nyara ya serikali, kwa vile nyumbu ni mnyamapori, na kwamba kuwa nacho bila kibali ni kesi ya uhujumu uchumi. Mzee wa watu akadhani wamemfananisha na mtu mwingine. Alifia mahabusu kwa homa ya mapafu, hukumu haijasomwa.

Aliyepeleka habari ni Semboja. Alilitaka bonde la malisho lenye lambo la maji, na alilipata. Leo ukipita pale Handeni huoni ng'ombe hata mmoja, ni mkonge mtupu, mkonge wa Semboja, naye amejijengea nyumba ya bati jekundu Mkumbara, kando ya lami.

Na usinga uliokuwa juu ya mlango wake? Hapo ndipo damu inapochemka. Alipewa na Kaika huyo huyo. Wafugaji na wakulima wa bonde lile walikuwa wamepigana mapanga na fimbo wakati wa ukame, miaka kumi na sita iliyopita. Siku ya suluhu mfugaji alimpa mkulima usinga, mkulima akampa mfugaji jembe, wakaitana ndugu.

Jembe halina kesi. Usinga unayo.

"Ng'ombe?" Naanyu alisema. "Mzee, hebu rudia."

"Ng'ombe, binti yangu. Dume jeusi. Nilimchinja Idi ya mwaka juzi."

"Twende ukaseme kituoni," alisema Gerald, akashuka kwenye kiti.

Kabla hajapanda gari, Naanyu alijitenga pembeni akapiga simu Mashewa, kwa mama yake, Mama Nemayian, anakouza maziwa tangu walipoondolewa bondeni.

"Yeyo," alisema, maana ndivyo wanavyomwita mama kwao, "nimempata Semboja. Tunampeleka kituoni sasa hivi, kile cha barabarani ukitaka kufika Mombo. Lakini anasema usinga ni mkia wa ng'ombe."

Mama Nemayian alishangaa.

"Mkia niliouandaa mimi? Anasema hivyo mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Ng'ombe!" alisema mama, na simu ikakatika.

Naanyu alidhani ni mtandao. Laiti angepiga tena, hadithi hii ingekuwa fupi.

Kituoni walimkuta Sajenti Bernadina, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, asiyependa kelele wala haraka. Semboja alikaa benchi la kulia, Naanyu la kushoto. Walitazamana.

"Shikamoo, mzee," alisema Naanyu.

"Marahaba," alijibu Semboja, mdomo umempinda. Angefanyaje? Shikamoo haikataliwi, hata ikitoka kwa mtu anayekutakia kaburi. Na Naanyu alimtakia. Mimi sitawaficha wala kumpamba: binti huyu hakwenda pale kutafuta haki. Alikwenda kumwona Semboja amevua viatu, anaingia kwenye chumba kile kile cha zege alichoingia baba yake.

Alikuwa amejiandaa. Miaka mitano Naanyu amekaa kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, karibu na mahakama, Korogwe mjini. Kazi yake ni kuwachapia mawakili. Alichapa kesi ya mama aliyetumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la shemeji yake marehemu. Alichapa ya kijana aliyenunua suruali ya mabaka ya jeshi mtumbani, akaenda nayo kulima mihogo. Alichapa ya bibi aliyekutwa na kichupa cha mafuta ya chatu, ya kuchua magoti. Wote walisema neno moja: sikujua. Na wote walijibiwa kuwa kutojua sheria si utetezi.

(Na wewe unayesoma, usinitolee macho. Hiyo laini iliyo mfukoni mwako imesajiliwa kwa jina la nani?)

Naanyu aliichapa sentensi hiyo mpaka vidole vikaizoea. Aliitunza kwa ajili ya mtu mmoja tu.

"Haya, mzee," alisema Sajenti Bernadina, "maelezo yako."

"Andika, afande. Mimi Mhina Semboja, miaka sitini na miwili, mkulima. Mkia ni wa ng'ombe wangu mwenyewe. Nimeutengeneza mwenyewe, nikautundika kwa urembo."

"Na ushanga huu wa kwenye mpini?"

"Nilinunua mnadani. Unauzwa kila mahali."

Alisaini bila kutetemeka. Sajenti akamgeukia Gerald.

Gerald aliugeuza usinga, akazichambua nywele zake nyeusi, ndefu. "Mimi naona nyumbu, afande. Lakini macho yangu si ripoti. Ripoti anaandika mtaalamu, na mtaalamu hafiki kabla ya wiki ijayo."

"Basi kwa mkia wenye shaka siwezi kumlaza mtu mzima ndani wiki nzima," alisema Sajenti. "Mzee, nenda nyumbani. Tutakuita."

Semboja alisimama, akajikung'uta kanzu.

Nenda nyumbani tutakuita! Kaika aliambiwa hivyo? Kaika alipakiwa nyuma ya gari mnadani, wateja wake wanatazama, ng'ombe wake saba wamebaki wanalia bila mtu. Naanyu alisikia masikio yakimwunguruma.

"Ni nyumbu, afande!"

Semboja hakushtuka. Aligeuka taratibu, na hapo ndipo Naanyu alipoona kuwa mzee alikuwa analingoja neno lile tangu asubuhi.

"Kajuaje?" aliuliza kwa upole. "Afande, muulize huyu binti msomi. Mkia uko nyumbani kwangu, juu ya mlango wangu. Yeye kajuaje kama ni nyumbu?"

Umeuona mtego? Anayejua mkia umetoka wapi, aliuona. Aliyeuona huenda aliushika. Na sheria ya nyara haiulizi uliushika kwa siku ngapi. Mzee Semboja naye alikuwa amefundishwa: alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji, alihudhuria semina, akala chakula cha semina, na elimu yake ya kwanza aliitumia kumchongea ndugu yake wa suluhu.

"Jibu, dada," alisema Sajenti. "Umejuaje?"

Naanyu aliinamisha uso. Vidole vyake vilicheza na pindo la shuka.

"Afande, naomba nisijibu hilo."

"Haa!" Semboja alipiga kofi. "Hajibu! Hawezi kujibu!"

"Mzee, kaa chini."

"Sikai! Alitaka kunifunga, sasa na aandikwe! Mtazameni, sasa ulimi umekuwa mzito. Afande, ushanga huo kautunga nani? Muulize! Kautunga yeye! Mimi nilikuwepo! Siku ile Kaika ananipa mkia wa nyumbu, ni huyu huyu aliyeubeba kwa mikono yake miwili akauleta mbele yangu, na Kaika akasema kwa kinywa chake, 'Ushanga ni kazi ya binti yangu.' Kama ni jela, twende wote!"

Kalamu ya Sajenti Bernadina ilisimama.

Gerald aliacha kuuchambua usinga.

"Mzee," alisema Sajenti, "siku ile Kaika alikupa mkia wa nini?"

Semboja alirudi nyuma, akakaa kwenye benchi lake.  

Naanyu akainua uso. Msomaji, hakuwa na hofu hata chembe. Alikuwa amemlisha chambo, na kambale amemeza mpaka ndoana.

"Mwaka ule wa ukame nilikuwa na miaka minane, afande," alisema. "Darasa la kwanza nilianza Januari iliyofuata, daftari la shule lipo, likaangaliwe. Mtoto wa chini ya miaka kumi sheria haimhesabii jinai. Niandike, sina neno. Ushanga niliutunga mimi. Lakini mwenzangu mwaka ule alikuwa na miaka arobaini na sita, na tangu siku ile usinga umekaa kwake."

Waliosema mchimba kisima huingia mwenyewe hawakumwona Semboja, lakini walimjua.

"Nilikuwa natania tu," alisema mzee.

"Dume jeusi la Idi," alisema Sajenti, akiitazama saini mbichi kwenye karatasi. "Ushanga wa mnadani. Mzee, vua mkanda. Na viatu."

Naanyu alisogea karibu. Alitaka kuona vizuri. Siku ile walipokwenda kuchukua mwili wa Kaika, walikabidhiwa pia viatu vyake vya matairi vikiwa kwenye mfuko, kiatu kimoja kikiwa na tope la mnadani. Mama Nemayian alilifuta tope lile kwa ukucha njia nzima. Sasa Semboja aliinama, tumbo likamzuia, akahangaika na kamba za viatu vyake vya ngozi mpaka jasho likamdondoka puani. Hakuna aliyemsaidia.

Alipoinuka, peku, macho yalikuwa mekundu.

"Sikujua," alisema. "Naapa, afande, sikujua kama ni kosa."

Ha! Huyu huyu. Aliyemfunga mwenzake kwa usinga, leo hajui kama usinga una kesi!

Naanyu alisogeza uso wake mpaka akainusa pumzi ya mzee.

"Kutojua sheria si utetezi," alisema polepole. "Shikamoo, mzee."

Safari hii hakuitikiwa. Nami nikiandika hapa nacheka peke yangu, na wala sioni haya.

"Bado, bado," alisema Sajenti, akivuta karatasi mpya. "Maneno ya mzee nimeyasikia kwa masikio, na anaweza kuyakana kesho. Kitakachomshika ni maelezo yako wewe, dada. Nitaandika, utasaini: mkia ni wa nyumbu, ulitolewa na baba yako kwa Mhina Semboja, nawe ulishuhudia. Sawa?"

"Sawa kabisa."

Sajenti aliandika. Ilimchukua muda, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Naanyu alihesabu kila mstari kwa furaha. Sajenti alipofika mwisho, akaigeuza karatasi, akaweka kalamu juu yake.

Hapo nje pikipiki ikazimwa.

"Hodi humu ndani."

Sauti hiyo Naanyu angeijua hata usingizini. Aligeuka. Mlangoni alikuwa Mama Nemayian, mweupe kwa vumbi la Mashewa kuanzia nyusi hadi vidole vya miguu, na begani amebeba kitu kimeviringishwa kama mkeka.

"Karibu, mama," alisema Sajenti. "Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Poleni na kazi." Alimwona Semboja peku nyuma ya kaunta, akamwitikia kwa kichwa kama mtu anayemkuta jirani dukani. "Nimesikia kuna mtu anasema mkia wangu ni wa ng'ombe. Nikasema siwezi kukaa Mashewa mwanangu anaitwa mwongo. Nimechukua bodaboda, nimekuja na ushahidi."

Naanyu aliona ncha ya kile kilichoviringishwa. Moyo ukamlipuka. Alimrukia mama yake, akamwambia kwa Kimaasai, haraka haraka, asifungue, ageuke, arudi kwenye pikipiki, aende.

Mama alimtazama kwa mshangao. Akajibu kwa Kiswahili, kwa adabu, ili kila mtu asikie.

"Mbele ya wenyeji tusiseme Kimaasai, mwanangu. Wataona tunaficha kitu."

Akakikunjua juu ya kaunta.

Ilikuwa ngozi. Ya kijivu, imelainika kwa kulaliwa, yenye michirizi myeusi shingoni. Harufu ya moshi na mafuta ya ng'ombe ilijaa ofisini.

"Mwaka ule wa ukame huyu mnyama alikuja kufia lamboni kwetu, kiu imemwua," alisema mama. "Hatukumwinda, sisi hatuli nyama ya mwituni. Lakini Kaika alisema, kitu kilichokufa kwa kiu lamboni kitufundishe kugawana maji. Mkia tumpe mkulima. Nikaukata mimi, kwa kisu changu. Ngozi nikaibakiza, nimeilalia miaka kumi na sita. Tazameni hapa nilipokata. Lete usinga, baba."

Gerald aliuleta, maskini, kama mtu anayevutwa. Mama akaupokea, akauweka pale chini ya mgongo wa ngozi, na alama ya kisu ya huku ikaingia kwenye alama ya kisu ya kule, sawasawa.

"Haya!" alisema mama, uso umeng'aa. "Nani sasa atasema ng'ombe?"

 Inzi alitua juu ya ngozi, akatembea, akaruka.

Kisha nyuma ya kaunta kikasikika kicheko. Kile kile cha asubuhi, cha mtu aliyeshiba.

"Mtego wa panya," alisema Mzee Semboja, "huingia waliomo na wasiokuwemo."

"Kimya, mzee!" alisema Sajenti Bernadina, lakini sauti ilikuwa imempungua. Alimtazama mama, akaitazama ngozi. "Mama... hii ngozi ni yako?"

"Ya kwangu, mwanangu. Ya nani tena?"

"Afande," Naanyu alidakia, "mama yangu hajui. Hajui kabisa, hakuna aliyewahi kumwambia..."

Akajisikia anachokisema.  Semboja aliiegemea kaunta, akamaliza yeye, polepole, kama alivyofundishwa muda mfupi uliopita:

"Kutojua sheria si utetezi, binti yangu."

Laiti ningekuwa pale ningemzaba kibao. Naanyu hakuweza hata hilo. 

"Mimi msimamo wangu haujabadilika," aliendelea Semboja, sasa kwa sauti ya mtu anayefanya biashara. "Nilisema ng'ombe, nimesaini ng'ombe. Mkia wa ng'ombe, na ngozi ya ng'ombe. Bibi huyu amezeeka, amesahau. Yale mengine nilitania. Bado binti tu aseme."

Gerald aliinamia dirisha akageuza mgongo.  Sajenti Bernadina kwa kidole kimoja aliisukuma ile karatasi ya maelezo mpaka mbele ya Naanyu.

"Huku hamna saini bado," alisema, bila kumtazama. "Mkia na ngozi ni kitu kimoja, wote tumeona. Ukisaini kuwa mkia ni wa nyumbu, basi ngozi nayo ni ya nyumbu, na wenye nyara wawili, mzee na mama, nawaweka ndani leo. Usiposaini, mimi sina shahidi, na wote wawili wanarudi nyumbani. Amua wewe."

Naanyu aliangalia miguu ya Semboja. Peku, imenenepa, vumbi la kituo limeshika katikati ya vidole. Miaka mitano. Bonde. Lambo. Tope kwenye kiatu cha baba. Mlango wa chuma ulikuwa hatua nne tu kutoka pale aliposimama mzee, na ulikuwa wazi.

Kisha akaangalia miguu ya mama yake.

Alikuwa amevaa viatu vya Kaika.

"Mbona unakawia?" Mama Nemayian alimshika bega, akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekuja mbali na ameikamilisha kazi yake. "Sema kweli, mwanangu, twende nyumbani. Kwani kweli ina kesi?"

Naanyu akaichukua kalamu.